Mtafiti wa Vijidudu vya Udongo Anatafuta Nini Uluguru?



Katika vikao vya kamati za maendeleo tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa namna mbalimbali. Kijana mwenye begi mgongoni amefika kijijini, ameonana na mwenyekiti, ameomba kung'oa mashina kumi ya maharage katika shamba la mama mmoja, ameweka mizizi kwenye kisanduku chenye barafu, ameshukuru na kuondoka. Wanakamati wanataka kujua mizizi hiyo inakwenda wapi, na wao watapata nini. Wafadhili nao wameuliza jambo hilohilo kwa lugha yao: kwa nini mtu aliyekwisha kumaliza masomo yote, hadi shahada ya uzamivu, aendelee kulipwa miaka miwili au mitatu ili achunguze vitu visivyoonekana kwa macho, wakati fedha hizo zingeweza kununua mifuko ya mbolea?

Maswali yote mawili ni halali. Tumeona tuyajibu kwa pamoja, kwa sababu jibu la moja limo ndani ya jingine.

KILICHOMO KATIKA KIGANJA CHA UDONGO

Neno "vijidudu" lina sifa mbaya kwetu. Tumewafundisha watoto kunawa mikono kwa sababu ya vijidudu, na zahanati zetu zinapambana navyo kila siku. Lakini wanaoleta maradhi ni wachache mno kati ya viumbe hawa. Ukichukua udongo wa kijiko kimoja cha chai chini ya mgomba wenye afya, ndani yake mna bakteria kwa mamia ya mamilioni, na mara nyingi hupita bilioni. Pamoja nao wamo kuvu wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, na wadudu wadogo wanaowala hao wote. Wengi wao wanaishi katika tabaka la juu la udongo, sentimita 15 au 20 za kwanza, kwa sababu huko ndiko kuna chakula, hewa na mizizi.

Mmea hauishi nao kama jirani asiyesalimiana. Sehemu ya sukari inayotengenezwa na majani hushuka mizizini na kumwagwa nje kwa makusudi. Ni malipo. Bakteria na kuvu wanaokusanyika kuzunguka mzizi hula sukari hiyo, nao kwa upande wao huuletea mmea vitu ambavyo mzizi peke yake hauvifikii.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa jamii ya kunde: maharage, njegere, soya, karanga, choroko. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, na naitrojeni ndiyo inayoyapa majani rangi ya kijani na nafaka protini. Hata hivyo mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali ya hewa. Kiwandani hubadilishwa kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, kwa kutumia gesi asilia nyingi, na ndiyo maana bei ya mbolea hupanda gesi inapopanda. Ilipofika mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP ulikuwa umepita shilingi 100,000 katika maeneo mengi ya nchi, na Serikali ikaanzisha ruzuku mwezi Agosti mwaka huo. Kazi hiyo hiyo inayohitaji kiwanda hufanywa kimyakimya na bakteria waitwao rizobia, ndani ya vinundu vidogo vilivyoko kwenye mizizi ya harage. Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza jambo hili mwaka 1886, na miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck alifanikiwa kuwatenga bakteria hao kutoka kwenye vinundu na kuwakuza peke yao. Utafiti huu, kwa hiyo, una zaidi ya miaka 130. Si mtindo wa juzi.

Mfano wa pili haujulikani sana, nao unaigusa milima yetu moja kwa moja. Udongo mwekundu wa Uluguru una tindikali, na una madini ya chuma na alumini yanayoishika fosforasi kama kwato la kaa. Mkulima anaweza kutia mbolea ya fosforasi na mmea usiione. Hapo ndipo kuvu wa mizizi hufanya kazi: nyuzi zao huingia ndani ya mzizi upande mmoja, na upande wa pili hutambaa mbali udongoni na kurudi na fosforasi. Mhogo unawategemea mno kuvu hawa. Kabichi haiwataki kabisa. Shamba linalopandwa kabichi baada ya kabichi, mwaka hadi mwaka, linawaacha kuvu hao bila mwenyeji wa kuwalisha, na zao linalofuata huwakuta wamepungua. Wakulima wa Mgeta, ambako mboga ndiyo fedha ya ada na matibabu, wana sababu ya kulijua jambo hili kabla ya watu wengine wote wa mkoa huu.

YALIYOTOKEA MATOMBO

Baadhi ya wafadhili wetu wanaamini kwamba elimu ya udongo ni suala la kuwafundisha wakulima tu: mtaalamu anajua, mkulima hajui, basi mtaalamu aseme. Historia ya Uluguru inatufundisha tahadhari.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi katika milima hii. Lengo lenyewe lilikuwa zuri. Mmomonyoko ulikuwa ukionekana kwa macho, na mito inayoanzia Uluguru huingia Ruvu, mto ambao hata leo ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Wananchi walilazimishwa kuchimba matuta makubwa ya ngazi kwenye miteremko mikali. Asiyechimba alitozwa faini. Chuki iliongezeka hadi Julai 1955, pale fujo zilipozuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa mwaka huohuo.

Katika masimulizi ya siasa, kisa hiki hutajwa kama sehemu ya harakati za uhuru, na ni kweli. Lakini kulikuwa na sababu ya shambani. Kwenye mteremko mkali udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba tuta la ngazi kwa upana, unaufukia udongo huo wa juu na kuuleta juu ule wa chini, mwekundu, mgumu, usio na mboji. Mahindi yaliyopandwa kwenye matuta mapya yalidumaa, na wakulima waliona kwa macho yao kwamba wamefanyishwa kazi ngumu ili wavune kidogo. Kwa lugha ya leo tungesema matuta yale yaliwazika wafanyakazi wote wa udongo na kuwaachia wakulima nyumba tupu. Wataalamu wa wakati ule walipima mteremko na maji. Uhai wa tabaka la juu haukuwa katika hesabu zao.

Waluguru walikuwa tayari na njia yao, ambayo bado inaonekana Mgeta na kwingineko. Mkulima hufyeka magugu, huyalaza kwa mstari kukingama mteremko, kisha huvuta udongo kutoka juu na kuyafunika, hivyo kutokea vituta vidogo mfano wa vidato vya ngazi. Majani huoza ndani, na msimu unaofuata kituta husogezwa. Mtu akipita barabarani anaona vituta tu. Ukweli ni kwamba kila kituta ni jiko: vijidudu vinapika magugu kuwa chakula cha mmea.

Tusiisifu njia hiyo kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji walionyesha katika miaka ya 2000 kwamba kulima kwa jembe la mkono kwenye miteremko ya Mgeta kunausogeza udongo mwingi kuelekea bondeni, hata bila mvua kunyesha. Aidha, jiko hilo lina sharti lake. Ukifukia mabua makavu ya mahindi na kupanda wiki hiyohiyo, vijidudu vitachukua naitrojeni iliyopo udongoni ili vimalize kazi ya kuozesha, na mche utakuwa wa njano ukisubiri zamu yake. Magugu mabichi huoza upesi; makavu yanahitaji wiki kadhaa au kuchanganywa na samadi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walipoletwa Mgeta kwa ushirikiano na SUA, kaya nyingi zina samadi karibu na nyumba. Tatizo lao ni kuipandisha mlimani kichwani.

KAZI YENYEWE

Sasa turudi kwa yule kijana mwenye kisanduku cha barafu. Mizizi yake inafika maabara kabla ya siku kuisha, maana vinundu vibichi huharibika upesi. Huvioshwa kwa spiriti na dawa ya kuua vijidudu vya nje, kisha husuuzwa mara nyingi kwa maji safi. Kinundu kimoja husagwa, na maji yake hupakwa kwenye kisahani chenye rojorojo itokanayo na mwani. Rizobia wa maharage huonekana baada ya siku tatu hadi tano, kama matone meupe yenye utelezi. Wale wa soya ni wavivu zaidi, huchukua wiki au zaidi. Kila tone hupewa namba, jina la kijiji, na tarehe.

Kisha huja mtihani. Harage hupandwa kwenye vyungu vya mchanga ambao umechemshwa kwa mvuke mkali hadi hauna kiumbe chochote. Vyungu vingine havipewi kitu, vingine hupewa mbolea ya naitrojeni, na vingine hupewa bakteria wa namba fulani. Ikiwa harage la bakteria limekuwa kijani kama lile la mbolea, na lile lisilopewa kitu limekuwa la njano, namba hiyo ina thamani. Nyingi hushindwa. Mtafiti anaweza kuanza na mamia ya matone akabakiwa na manne au matano ya kupeleka shambani.

Shambani mambo huwa magumu zaidi, na hapa ndipo tunapoomba wafadhili watusikilize. Harage lilitoka bara la Amerika, lakini limekaa kwetu kwa karne nyingi, na rizobia wanaokubaliana nalo wamejaa katika udongo wetu. Wengi wao hutengeneza vinundu bila kufanya kazi ya maana, wanakula sukari ya bure. Ukileta bakteria hodari kutoka nje kwenye pakiti, anakutana na wenyeji milioni waliozoea tindikali na ukame wa pale, naye hushindwa kupata nafasi kwenye mzizi. Ndiyo sababu chanjo ya mbegu, kama inavyoitwa poda hii yenye bakteria, huongeza mavuno ya maharage mahali fulani na mahali pengine haileti chochote. Mtafiti anapong'oa shina kumi za mama yule, anatafuta mwenyeji ambaye ni hodari: aliyezaliwa katika udongo huu, anayeustahimili, na anayefanya kazi. Hawezi kumpata kwenye orodha ya maabara ya ng'ambo.

Kwa soya hali ni kinyume. Zao hili liliingia nchini mwaka 1907 kupitia kituo cha Wajerumani cha Amani, na udongo wetu mwingi hauna rizobia wake wa asili. Hapo chanjo hufanya kazi kwa uhakika zaidi. SUA yenyewe iliwahi kutengeneza chanjo ya soya iliyoitwa Nitrosua. Kenya wana Biofix, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo bakteria wake hubebwa katika tope linalobaki viwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Tope la namna hiyo hutoka pia katika viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kilombero, ndani ya mkoa huu.

Jambo jingine ambalo utafiti umelithibitisha ni kwamba rizobia hawafanyi kazi na njaa. Kinundu kinahitaji fosforasi nyingi. Mwaka 2006 Profesa Patrick Ndakidemi na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya soya na maharage kaskazini mwa Tanzania, na yalionyesha kwamba chanjo pamoja na fosforasi huzaa kuliko kimoja peke yake. Kwa udongo wetu wenye tindikali, mawe ya fosfeti ya Minjingu, yanayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, yanafaa kwa sababu tindikali yenyewe ndiyo inayoyayeyusha polepole. SUA imeyafanyia majaribio kwa miaka mingi.

KWA NINI MTU MWENYE UZAMIVU, NA KWA NINI HAPA

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili huja na swali moja, hufanya msimu mmoja au miwili, huandika kitabu chake na kuondoka kutafuta ajira. Bakteria aliowakusanya hubaki kwenye jokofu, umeme ukikatika siku tatu wamekwisha. Profesa naye anafundisha, anasahihisha, anakaa vikao. Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu imewekwa kuziba pengo hilo: ni mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kazi, ambaye kwa miaka miwili au mitatu hana kazi nyingine isipokuwa hiyo. Anaweza kufuata chungu hadi shamba, shamba hadi msimu wa masika na wa vuli, na msimu hadi pakiti. Pia ndiye anayewafundisha mafundi wa maabara ili akiondoka jokofu lisiwe kaburi.

SUA, iliyoanzishwa Julai 1984 na kuitwa kwa jina la Hayati Edward Sokoine aliyefariki kwa ajali Aprili mwaka huo, iko chini ya milima hii. Kutoka maabara hadi shamba la majaribio mlimani ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Pamoja na hayo, nafasi nyingi za aina hii kuhusu udongo wa Afrika huwekwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani, na vijana wetu hodari huomba, hupata, na huchunguza udongo wa Morogoro wakiwa mbali nao maelfu ya kilomita. Hatuwalaumu. Huko kuna mashine za kusoma vinasaba na mshahara unaofika kwa tarehe. Lakini msimamo wa ofisi yetu ni kwamba mfadhili anayetaka fedha yake ifanye kazi Uluguru aulize kwanza mtafiti atalala wapi wakati wa kupalilia.

Brazil inatupa picha ya kile kinachowezekana. Johanna Döbereiner, mzaliwa wa Czech aliyehamia huko baada ya vita, alisisitiza kuanzia miaka ya 1960 kwamba soya ya Brazil ichaguliwe kwa uwezo wake wa kuishi na rizobia badala ya kutegemea mbolea ya naitrojeni. Wengi walimwona anapoteza muda. Alifariki mwaka 2000, na leo soya ya Brazil hulimwa karibu bila mbolea hiyo. Mwaka 2025 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilikwenda kwa Mariangela Hungria, mtafiti wa shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, kwa kazi ya vijidudu vya udongo inayotumika katika zaidi ya hekta milioni 40. Kati ya wanawake hawa wawili kuna zaidi ya miaka 60 ya mishahara ya watafiti iliyolipwa bila kukatishwa kila mradi ulipofika mwisho. Kwetu, mradi wa N2Africa ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi ulisambaza elimu ya rizobia katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, kuanzia 2009 hadi 2019. Ulifanya kazi nzuri, kisha muda wake ukaisha kama miradi yote.

Wapo watakaosema kunde ni jambo dogo. Basi watazame sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu atokaye udongoni. Dawa iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, Aflasafe, ni kuvu ndugu yake asiye na sumu, anayemwagwa shambani akiwa kwenye punje za mtama ili achukue nafasi ya yule mbaya. Waliompata ni watafiti wa aina hii hii tunayoieleza, wakikusanya sampuli kijiji kwa kijiji na kuchambua kuvu mmoja mmoja.

CHANJO INAVYOKUFA NJIANI

Tuseme yote yamefanikiwa na pakiti imetoka. Ndani yake mna viumbe hai, si chumvi. Pakiti iliyokaa dirishani mwa duka, au iliyopandishwa mlimani kwenye bodaboda juani saa nane mchana, inaweza kufika ikiwa na poda nyeusi tu. Mkulima atalipa, atachanganya, atapanda, hataona tofauti, na atasema wataalamu ni waongo. Atakuwa na haki. Kwa hiyo pakiti isomwe tarehe ya mwisho, ihifadhiwe mahali pa baridi (mtungi wa maji wenye kitambaa kilicholowa huweza kusaidia pale pasipo na jokofu), na mbegu ichanganywe kivulini, ipandwe siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Kwa kawaida gramu 100 hutosha kilo 10 hivi za mbegu, lakini maelezo ya pakiti ndiyo yafuatwe. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu yenye rangi nyekundu au ya kijani isichanganywe na chanjo, kwani dawa hiyo inaweza kuwaua bakteria.

Tunazitahadharisha pia kamati kuhusu chupa za "vijidudu vya ajabu" zinazouzwa minadani kwa madai ya kutibu kila zao. Mbolea za aina hii zinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Muuzaji aulizwe namba ya usajili kabla ya bei.

KAMATI ZINAWEZA KUFANYA NINI MSIMU HUU

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Maharage yanapoanza kutoa maua, kamati ichague mashamba matatu yanayotofautiana: la mabondeni, la katikati ya mlima, na moja lililopandwa mboga kwa muda mrefu. Shina lichimbwe kwa jembe, lisivutwe kwa mkono, maana vinundu hubaki ardhini. Mizizi ioshwe taratibu kwenye beseni. Vinundu vihesabiwe, kisha vipasuliwe kwa ukucha au wembe. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havifanyi.

Kuna kosa linalotokea mara nyingi hapa. Uvimbe wa minyoo fundo, ugonjwa unaojulikana sana kwenye nyanya, unafanana na vinundu, na tumeshuhudia watu wakiyang'oa maharage mazuri wakidhani yana maradhi. Kinundu cha rizobia kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi, ukikisugua kinatoka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hautoki mpaka uukate.

Kipimo cha pili ni cha tindikali, na hiki kinahitaji maabara ya SUA au kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano, Tanga. Udongo ukiwa na tindikali kali sana, rizobia wengi hufa hata wakiletwa hai, na hapo fedha ya chanjo ingefaa zaidi kununulia chokaa ya kilimo au Minjingu. Majivu ya jikoni husaidia kwenye bustani ndogo.

Na mtafiti anapofika, apokewe kama mgeni, lakini aulizwe. Awe na barua ya taasisi yake na ya halmashauri. Akiwa raia wa kigeni awe na kibali cha utafiti cha COSTECH. Kamati iandike katika daftari lake jina la mradi, mashamba yaliyotoa sampuli, idadi ya sampuli na namba zilizopewa, na iombe kwa maandishi kwamba matokeo yarudishwe kijijini kwa Kiswahili. Mama aliyetoa mashina kumi ana haki ya kuambiwa kama bakteria wa shamba lake walishinda mtihani wa vyungu. Idara yetu iko tayari kuziandikia taasisi hizo kwa niaba ya sharika ambazo hazijajibiwa, mradi tupewe nakala ya ukurasa wa daftari.

Sharika zinazotaka kupeleka udongo maabara kwa pamoja, ili kupunguza gharama ya usafiri, zichukue sampuli kabla samadi haijamwagwa: sehemu kumi hadi kumi na tano za shamba moja, kwa kina cha sentimita 20, zichanganywe kwenye ndoo safi, zikaushwe kivulini, na nusu kilo ifungwe kwenye bahasha ya karatasi yenye jina la usharika, la kijiji na la mwenye shamba.